Frelimo kwa Besi na Ngoma: Dakika 32 Zisizo na Neno

Ukipanda gari Mbagala kwenda mjini kwa Barabara ya Kilwa, ukishapita Mtoni, mkono wa kulia unaanza Kurasini. Leo ni mji wa makontena: malori yamepanga foleni, mageti ya bandari kavu, maghala, mama lishe wanaowapakulia madereva wali maharage. Mtu akikwambia kwamba hapo zamani palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa Msumbiji, utamwamini kwa shida. Lakini ilikuwepo. Iliitwa Taasisi ya Msumbiji, ilianza mwaka 1963, na aliyeiongoza ni Janet Mondlane, mke wa Dk. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa Frelimo.

Sasa vuka mji uende upande wa pili, Kinondoni, kule Oysterbay penye miti mikubwa na kuta ndefu. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alikuwa huko katika nyumba ya rafiki, akifungua barua zake za asubuhi. Mojawapo ilikuwa kifurushi chenye kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Sisi wapenzi wa fasihi tunapenda kusema kwamba kitabu kinaweza kubadili historia. Hiki kilimuua msomi, mwalimu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani, mtu ambaye kitabu chake mwenyewe juu ya mapambano ya Msumbiji kilitoka mwaka huohuo wa kifo chake.

Miaka minne na nusu baadaye, tarehe 17 Septemba 1973, mpiga tarumbeta Miles Davis aliingia studio New York na bendi yake na kurekodi kipande cha dakika 32. Kilitoka mwishoni mwa 1974 kwenye santuri mbili ziitwazo *Get Up with It*, kikajaza upande mzima wa santuri peke yake. Humo ndani haimbi mtu. Hakuna ubeti, hakuna kiitikio, hakuna hata salamu. Kuna jina tu kwenye jalada: "Calypso Frelimo".

Yaani chama kilichozaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chenye shule Temeke na damu ya kiongozi wake Kinondoni, kimo katika mojawapo ya kazi za ajabu kabisa za jazz iliyochanganywa na roki. Na sisi wenyeji wa mji huo wengi wetu hatujui. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Jibu langu ni kwamba tumezoea kudhani muziki usio na maneno hausemi kitu.

Kinachosikika

Hebu nieleze kwanza kinachosikika, kwa sababu ukikiendea kipande hiki ukitafuta wimbo utakata tamaa dakika ya tatu.

Nguzo zake ni besi na ngoma. Besi inapigwa na Michael Henderson, kijana ambaye Miles alimchukua kutoka bendi ya Stevie Wonder, wala hakuwa mtu wa jazz. Drams anazo Al Foster. Tumba anazo jamaa aitwaye Mtume, huyu tutamrudia. Juu yao kuna magitaa ya Pete Cosey na Reggie Lucas, filimbi ya Dave Liebman, na Miles mwenyewe, ambaye tarumbeta yake imepitishwa kwenye kifaa cha umeme cha wah-wah hadi inalia kama mtu anayesema huku amefunika mdomo kwa kiganja. Pengine anaiacha tarumbeta na kubonyeza kinanda, na hapo ndipo kinapochomoza kipande kifupi cha kalipso, kama kumbukumbu ya sherehe inayopita dirishani.

Sehemu ya kwanza ni ya mbio. Kila mtu anakimbia na hakuna anayekwambia mnakwenda wapi. Kama dakika kumi hivi zikishapita, mwendo unaporomoka. Inabaki besi, nzito, yenye noti chache, ikirudiarudia mstari mmoja kama mtu anayelinda mlango usiku. Ala nyingine zinaingia na kutoka kwa tahadhari. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kisha, bila kuaga, mbio zinarudi, na zinaendelea hadi mwisho.

Katika jazz ya zamani besi na ngoma zilikuwa watumishi: zinashika njia ili saksafoni ipite na sifa zake. Hapa mambo yamepinduliwa. Ukimtoa mpiga tarumbeta, kipande kinasimama. Ukimtoa Henderson, kinaanguka. Miles alikuwa ameanza mtindo huu kwa ukali mwaka 1972 kwenye *On the Corner*, albamu ambayo wahakiki wengi wa jazz waliiponda kwelikweli. Alitaka vijana weusi wa mitaani waliokuwa wanamsikiliza James Brown na Sly Stone wamsikilize na yeye. Wahakiki walisikia kelele. Miaka mingi baadaye wakaja wengine wakasema kwamba mle mlikuwa na mbegu ya muziki wa kompyuta na wa kucheza uliokuja kutawala dunia. Neno "kelele" lishike mkononi, tutalihitaji.

Mtume, Mwandishi, Ndugu

Kiswahili kilifikaje New York? Njia ni ndefu, ila mtu mmoja ni muhimu kuliko wengine: huyo mpiga tumba. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1946, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Alipokwenda California alijiunga na kikundi cha Maulana Karenga, yule aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuijaza maneno yetu: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. "Ujamaa" hilo linatoka moja kwa moja kwa Mwalimu Nyerere. Kijana akapata jina: Mtume. Msikilizaji wa Pwani lazima asite kidogo hapo, kwa sababu kwetu hakuna mzazi anayempa mtoto jina hilo. Wao walilitwaa kwa maana ya mjumbe tu.

Mtume akawa mgawaji wa majina. Desemba 1969 alishiriki kurekodi albamu iliyoitwa *Kawaida*, na mpiga piano Herbie Hancock alikuwemo. Hancock akawa Mwandishi. Bendi yake nayo ikafuata: mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga drams Billy Hart akawa Jabali, mpiga trombone Julian Priester akawa Pepo Mtoto, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari wa hospitali, akawa Mganga. Ruhusa ya kucheka ipo. Ukimwambia mtu wa Tandika kwamba leo jukwaani kuna Mganga na Pepo Mtoto atakuuliza kama ni dansi au ni kilinge.

Ila tusicheke sana. Usiku wa kuamkia mwaka 1971 bendi hiyo ilirekodi San Francisco albamu iitwayo *Mwandishi*. Kipande cha kwanza kimesimama juu ya mstari mmoja wa besi wenye mzunguko wa mapigo 15, unaorudi na kurudi, na wapiga drams ni wawili. Wa pili alikuwa kijana wa miaka 18, Leon Chancler. Naye akapewa jina: Ndugu. Jina hilo akaenda nalo hadi kufa, mwaka 2018. Mwaka 1982 alipiga drams za "Billie Jean" ya Michael Jackson. Kwa hiyo pigo lile ambalo kila harusi ya Temeke imewahi kulichezea lilipigwa na mtu ambaye jina lake lingemfaa mjumbe wa shina wa TANU.

Turudi kwenye hoja. Kipande kile cha mapigo 15 kiliwekewa jina la pili la heshima kwa Angela, yaani Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa gerezani akisubiri kesi. Hakuna neno hata moja linaloimbwa juu yake. Kabla ya hapo, mwaka 1963, John Coltrane alipiga "Alabama" baada ya bomu la kanisa la Birmingham lililoua wasichana wanne. Nayo haina neno. Huu ulikuwa utaratibu wao. Siasa inawekwa kwenye jina, mlangoni. Ndani unaachiwa sauti. "Calypso Frelimo" ni mtoto wa utaratibu huo. Kwenye santuri zilezile kuna kipande kingine kiitwacho "Mtume", na kingine "Maiysha", ambalo sikio la Mswahili halina namna ila kulisikia kama "maisha".

Na Dar ilikuwa inapiga nini?

Wao walichukua maneno yetu. Sisi tulikuwa tumeshachukua la kwao zamani. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Vijana Jazz. Mshabiki wa Western Jazz wa mwaka 1973 ungemwekea "Calypso Frelimo" angekuuliza, "Sasa hii ndiyo jazz?" Kwake jazz ilikuwa bendi ya magitaa na rumba ndani yake, na hadithi ya kusikiliza: mapenzi, ulevi, wifi mchokozi, sifa za chama, kilio cha msiba. Majina yalivuka bahari pande zote mbili, maana zikabaki bandarini.

Studio ya maana ilikuwa ya Radio Tanzania, na huko maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla bendi haijarekodi. Ni redio hiyohiyo iliyorusha matangazo ya Frelimo kwenda Msumbiji. Chini ya paa moja, basi, maneno yalikuwa silaha na pia yalikuwa kitu cha kukaguliwa. Haishangazi kwamba tulijifunza kuupima muziki kwa ujumbe. Hadi leo ukimuuliza mzee wimbo fulani ni mzuri kwa nini, atakwambia, "Una mafunzo."

Halafu kuna jambo la Novemba 1969. Miezi tisa tangu Mondlane auawe, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul mjini. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao: taifa changa, uchungu wa ukoloni, vijana waliovaa na kucheza kama watu wa Marekani. Ila tazama kejeli ya historia. Mstari wa besi wa Henderson ni mjukuu wa James Brown. Jina la Frelimo, chama tulichokifadhili, tukakilinda na kumzika kiongozi wake katika ardhi ya mji huu kabla mabaki yake hayajahamishiwa Maputo, lilipandishwa New York juu ya mapigo ya ukoo uleule tuliouita uhuni miaka minne kabla.

Walikuwepo waliojaribu kuunganisha vitu hivi hapa nyumbani. Sunburst, bendi ya Dar, ilichanganya roki, soul na ngoma za asili, ikatoa *Ave Africa* mwaka 1976, albamu ambayo ilibidi isubiri miaka 40 hadi ilipotolewa upya Ulaya ndipo wengi wetu tukaisikia. Lakini hata Sunburst waliimba.

Je, hatukuwa kabisa na muziki wa besi na ngoma usio na neno? Tulikuwa nao, ila tuliuficha ndani ya wimbo. Yeyote aliyewahi kukesha kwenye dansi, tuseme TCC Chang'ombe, anajua. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia, watu wengine bado wako mezani na bia zao. Simulizi likiisha, drams zinakata, na chemko inaingia. Magitaa yanasukana, besi inashika mstari mmoja na kuugandamiza, tumba zinapanda, tarumbeta zinajibizana. Mwimbaji sasa kazi yake ni kupiga kelele za kuhamasisha tu. Na hapo ndipo ukumbi unasimama. Mafunzo tuliyasikiliza tumekaa; chemko tuliicheza. Hata mitindo ya bendi kubwa ilibeba majina ya ngoma: Msondo, Sikinde. Mwili ulijua kitu ambacho kamati ya kupitia maneno isingeweza kukisoma kwenye karatasi.

Ukiniuliza "Calypso Frelimo" ni nini kwa lugha ya Kinondoni, nitakujibu: ni chemko ya dakika 32 ambayo imetupa wimbo nje na kubaki na jina.

La mgambo likilia

Najua pingamizi. Rafiki yangu mmoja, msomaji mkali wa riwaya, aliniambia: "Badilisha jina, iite 'Calypso Mananasi', utasikia nini tofauti?" Ni swali la haki. Noti hazitabadilika. Wala sisemi kwamba sehemu ya taratibu ni msitu wa Cabo Delgado na sehemu ya mbio ni risasi. Usomaji wa namna hiyo ni wa kubandika.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Jina ni tendo. Septemba 1973 vita vya Msumbiji vilikuwa vinaendelea, Amílcar Cabral alikuwa ameuawa Januari ya mwaka ule, na hakuna aliyejua kwamba Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno wangeipindua serikali yao wenyewe. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini Septemba 1974. Santuri zikafika madukani muda mfupi baadaye. Mnunuzi wa Chicago au Paris aliyegeuza jalada na kukutana na neno "Frelimo" alilazimika kuuliza: hili ni nini? Jibu la swali hilo lingempeleka Msumbiji, na kabla ya Msumbiji, Dar es Salaam. Wimbo wenye maneno ungempa jibu tayari. Huu ulimpa swali na dakika 32 za kukaa nalo.

Wazee wetu walilijua hili. *La mgambo likilia lina jambo.* Pembe ya mgambo haikuwa na maneno. Ililia, watu wakaacha majembe, wakatoka wakijua kuna jambo; jambo lenyewe walilisikia baadaye. Ngoma za jando, za mwali, za msiba, kila moja ilikuwa na pigo lake, na mtu wa kijiji cha jirani alijua kwa pigo tu kama aje na kanga au aje na machozi. Sisi ndio tuliosahau, pengine kwa sababu ya redio, pengine kwa sababu ya shule, ambako wimbo ulikuwa kitu cha kuchambuliwa dhamira na ujumbe.

Na kusahau huko kunatugharimu hata leo. Mburahati, ambayo ilikuwa Kinondoni kabla ya Ubungo kumegwa, kuna studio ya Sisso, na kutoka humo umetoka singeli usio na mwimbaji: kinanda na ngoma za kompyuta kwa mwendo unaozidi mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2018 Bamba Pana alitoa *Poaa*, ambayo sehemu kubwa ni ala tupu. Mwaka 2024 Sisso na Maiko wakatoa *Singeli Ya Maajabu*. Zote zimetolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ulaya zinawekwa kwenye rafu ya muziki wa majaribio, jirani kabisa na Miles wa miaka ya sabini. Hapa nyumbani mtu anayezisikia anauliza, "Mwimbaji yuko wapi?" au anasema lile neno tulilolishika mkononi: kelele. Kelele za uswahilini.

Sitaki kusema kwamba Ulaya ndiyo iliyo sahihi. Mwenye nyumba anayetaka kulala saa tisa usiku ana haki yake. Nasema tu kwamba *On the Corner* iliitwa kelele pia, na James Brown aliitwa uhuni, na katikati ya kelele hizo mtu alihifadhi jina la chama kilichosomesha watoto wake Kurasini. Hatuna hakika ni jina gani linahifadhiwa sasa hivi kwenye kompyuta ya Mburahati. Kizazi kijacho kitajua, kama hatutaizima mapema.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, siku ileile Frelimo ilipotimiza miaka 13 tangu izaliwe katika mji huu. Kama unataka kuiadhimisha kwa namna yako, foleni ya Bendera Tatu Jumatatu asubuhi inatosha kabisa kwa dakika 32. Chomeka spika za masikioni ukiwa Mtoni. Kama gari litatembea kama linavyotembea siku zote, besi itabaki peke yake wakati uko usawa wa Kurasini. Tazama kulia, kule kwenye makontena.